Brauza Mbili na Meli ya Salimu

Jumatatu, 5 Februari

Hakuna mtu Likoni hii, mzee wala kijana, anayeijua intaneti kunishinda mimi. Nimewaambia hivyo leo barazani, wote wakanyamaza.

Uongo. Walinyamaza kwa sababu kahawa ilikuwa imefika. Na intaneti niijuayo ni kubonyeza mahala pamoja tu, kwenye ujumbe wa Salimu ulioandikwa "Baba bonyeza hapa". Nikibonyeza, brauza inafunguka, inakuja ramani, bahari ya buluu, na mshale mmoja wa kijani. Mshale ndio meli, yaitwa Mirzana. Chini kabisa mwa meli hiyo, kwenye injini, yuko mwanangu anatia mafuta. Basi. Elimu yangu inaishia hapo.

Ratiba ni ile ile. Naswali alasiri, narudi nyumbani, natoa tableti aliyoniachia Salimu, ile yenye ufa pembeni. Bi Rukia anakuna nazi, mimi namsomea mwanawe alipofika. Nasoma kwa kukwama, maana shule niliachia darasa la nne, na maandishi ya kwenye ramani ni kama siafu. Kisha nakwenda barazani kuwasomea wale wavivu. Mzee Athumani huniita Kepteni. Ni kejeli hiyo. Miaka yangu yote ya bahari niliifanya kwenye feri, kufunga kamba upande huu, kufungua, kufunga upande wa pili. Safari yangu ndefu kabisa, mtu aliweza kuiona mwanzo na mwisho bila ya kugeuza shingo.

Leo Mirzana imetoka Salala. Inakwenda Jeda. Mkataba wa Salimu unaishia huko. Atashuka, atapanda ndege, awahi vunja jungu tule pamoja kabla ya mfungo. Bi Rukia ameshaanza kuulizia bei ya mbuzi.

Jumanne, 6 Februari

Nimebonyeza. Nyeupe.

Nimebonyeza tena. Nyeupe, na maandishi: "Kivinjari chako kimepitwa na wakati. Ukurasa huu hauwezi kufunguliwa." Salimu aliniwekea Kiswahili humo ndani, lakini ni Kiswahili cha watu nisiowajua. Brauza wanaiita kivinjari. Mimi kuvinjari nakujua ni kuzungukazunguka bila kazi, na hiyo naifanya vizuri bila ya kifaa.

Kupitwa na wakati. Mimi nimepitwa tangu zamani, na kila asubuhi nafunguka.

Nilimwambia Bi Rukia mtandao uko chini. Akasema haya. Sipendi akisema haya.

Alhamisi, 8 Februari

Nimekwenda kwa Mutheu, mwenye duka la simu karibu na stendi. Mama wa Kikamba, mtu mzima, miwani puani, mdomo mkali. Nikamwambia brauza yangu imekufa, nataka nyingine.

Akaniuliza nataka ya aina gani. Sikujua kuna aina. Nilidhani ni kama chumvi. Akanieleza: kuna ya haraka, kuna ya kuokoa bando, kuna ya siri.

"Ya siri ni ya nini?"

"Ni ya kuficha, mzee. Mama hawezi jua ulikuwa unaangalia nini."

Nikamwambia hiyo ningeitaka miaka thelathini iliyopita, sasa imenikuta sina cha kuficha. Akacheka mpaka akashika meza.

Nilijichagulia mwenyewe. Nimeona moja ina alama ya jogoo mwekundu, nikaipenda. Mutheu alisema si nzuri. Nikamwambia mke wangu pia niliambiwa hivyo. Mirzana nitaitazama kesho, bando lilikwisha nikiwa njiani.

Ijumaa, 9 Februari

Aibu.

Baada ya swala, baraza imejaa, mashekhe wawili wamepita kuamkua. Nikafungua Jogoo ili nionyeshe mambo. Badala ya bahari akatokea mwanamke. Hakuwa na nguo za kusemea. Nikabonyeza msalaba wa kumfunga, wakaja wawili. Nikabonyeza tena, wakaanza na muziki. Athumani akauliza kwa sauti ya upole kabisa kama ndiyo mizigo waliyopakia Salala.

Wallahi si mimi niliyewaita. Nani ataniamini na nywele hizi.

Jogoo nimemchinja. Mirzana sijaiona tangu Jumatatu.

Jumamosi, 10 Februari

Mutheu hakusema "nilikuambia". Alitazama juu tu. Akanipa nyingine, alama yake kasa wa kijani. Ndogo, haili bando, haileti wanawake. Mimi ni mtu wa kubana matumizi, nikaichukua.

Na iko. Mirzana iko. Mshale wa kijani umeshafika pale bahari inapobana, Babul Mandab, mlango wa Bahari ya Sham. Nimemsomea Bi Rukia nikikwama kila neno, yeye akarudia taratibu, Babul Mandab, kama mtu anayeonja mchuzi. Marehemu babake alikuwa mfanyabiashara wa zulia na halua, majina hayo aliyasikia tangu mdogo.

Nimelala mchana usingizi wa mtoto.

Jumapili, 11 Februari

Babul Mandab. Labda wanasubiri zamu yao kupita. Feri nayo husubiri.

Jumatatu, 12 Februari

Babul Mandab.

Jumatano, 14 Februari

Bado pale pale. Mshale haukusogea hata unywele. Nimechukua kijiti cha meno nikapima kutoka nchi kavu mpaka kwenye mshale. Jana hivyo, leo hivyo.

Redio inasema huko mlangoni kuna vita, meli zinatupiwa makombora. Nimeizima kabla Bi Rukia hajatoka jikoni. Akaniuliza mbona umezima, nikasema betri.

Barazani Athumani anasema meli haisimami pale. Anasema pale ni pahala pa kupita mbio. Nikamuuliza yeye aliendesha meli lini, alikuwa anashona kofia. Akasema ni kweli, lakini hata mshona kofia hasimami katikati ya barabara.

Salimu simu yake haipatikani. Baharini huwa haipatikani, hiyo ni kawaida. Kila siku najiambia hiyo ni kawaida.

Ijumaa, 16 Februari

Leo nimemdanganya Bi Rukia kikamilifu. Nimeshika tableti mbele ya uso, nikasoma: Mirzana imeingia Bahari ya Sham, inakwenda vizuri, upepo mzuri. Hata upepo nimemtilia. Neno halikunikwama hata moja. Akaitikia alhamdulillahi, akaendelea kuchambua mchele.

Macho yangu yalikuwa kwenye mshale. Pale pale.

Namkumbuka siku anakwenda meli yake ya kwanza. Tuktuk haikupatikana, mvua ilikuwa imeharibu njia. Nikambebea sanduku kichwani kutoka hapa mpaka feri. Watu wanatazama, wananiita kuli, mimi nawajibu salamu zote. Yeye anatembea nyuma yangu kwa haya, suruali mpya. Kwenye feri akasema, Baba, hili nitakulipa siku moja. Nikamwambia usijali, mimi nina kumbukumbu mbaya sana isipokuwa kwa kudai.

Sina raha. Niandike wazi. Sina raha hata kidogo.

Jumatatu, 19 Februari

Nimempelekea Mutheu tableti. Sikufanya mzaha. Nikamwambia nisaidie, hii meli imesimama na mwanangu yumo.

Akaitazama muda. Akabonyeza huku na huku. Kisha akanieleza kitu ambacho angenieleza siku ile kama ningenyamaza nikamsikiliza. Kasa haili bando kwa sababu haiendi sokoni kila siku. Ilikwenda mara moja, Jumamosi ile, ikachukua picha ya ukurasa, ikaiweka ndani. Kila nikibonyeza inanionyesha picha ile ile. Ramani inayotembea haiwezi, ni nzito kwake.

Siku zote hizi nimekuwa nikiitazama picha ya Jumamosi. Nimepima picha kwa kijiti cha meno.

Nilicheka. Nililia pia, kidogo, nikasema ni vumbi la barabara. Kumbe meli haikusimama. Ni ubahili wangu ndio uliosimama.

Mutheu akasema nahitaji brauza kubwa. Iko moja ina alama ya jicho. Lakini tableti imejaa, lazima nifute vitu. Tukafuta. Waadhi wote anaonitumia Athumani, mikanda mirefu ya watu wanaogomba. Harusi ya mpwa wa Bi Rukia, yote, mpaka keki. Mchezo wa karata. Sauti za Salimu zile alizonitumia akiwa bandarini sikukubali ziguswe. Mutheu akafuta vingine bila kuuliza.

Jicho ikaingia. Nikabonyeza ujumbe wa Salimu. Tableti ikauliza: fungua kwa Kasa au kwa Jicho? Na chini yake: Mara hii tu. Kila mara.

Nikachagua Jicho. Mara hii tu.

Bahari ikafunguka hai. Mishale mingi, inatembea kama samaki. Mutheu akaandika jina la meli. Jicho ikatafuta. Kisha ikaandika: haionekani. Ishara ya mwisho, Jumamosi ile.

Mutheu akaandika tena, kwa herufi kubwa. Akaandika tena.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mutheu alikataa nimlipe, hata pesa niliyomwekea mezani akanirudishia mfukoni.

Jumanne, 20 Februari

Nina brauza mbili. Kasa inasema mwanangu amesimama. Jicho inasema hayupo. Na mimi, darasa la nne, ndiye niamue.

Jumatano, 21 Februari

Nimevuka kwenda mjini, kwa wakala aliyempeleka Salimu melini. Ofisi ina kiyoyozi na kalenda. Kijana wa tai akaniambia meli nyingi huzima ishara zikipita pale ili wenye makombora wasizione. Huzima, hupita, huwasha mbele. Nikamuuliza huwasha baada ya muda gani. Akasema inategemea. Nikamuuliza hii yetu mbona haijawasha. Akasema wanafuatilia.

Nikamwambia mimi pia nafuatilia, nina brauza mbili. Hakucheka. Akanipa maji ya chupa.

Watu wote wamekuwa wema. Nachukia.

Ijumaa, 23 Februari

Leo nimemfikisha Salimu Jeda. Sikuwa na njia, siku zilikuwa zimetimia, Bi Rukia anazijua. Nikasoma: wametia nanga, wanasubiri nafasi ya kuteremsha mizigo. Nilisoma vizuri, kwa mpangilio, mpaka mwenyewe nikaanza kuona makreni.

Akasema haya.

Kila alasiri sasa tableti inaniuliza ile ile. Kasa au Jicho. Naanza na Kasa. Mshale uko, nautazama, moyo unatulia kama mtu aliyewekewa kitambaa cha maji kwenye homa. Kisha nafungua Jicho. Bahari tupu pale alipokuwa. Nafunga. Narudi kwa Kasa. Naijua ni picha, naiangalia vile vile. Wote wawili nawapa Mara hii tu. Sijapata kuwa na wake wawili, lakini ndugu zangu waliokuwa nao walikuwa na sura hii niliyonayo mimi leo.

Jumapili, 25 Februari

Barazani Athumani amenisogezea kikombe, akaniuliza habari ya nyumbani. Hakuniita Kepteni. Aliniita kwa jina langu nililopewa na baba yangu.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 26 Februari

Hakuna.

Jumanne, 27 Februari

Hakuna. Kasa: ipo. Kasa muongo, lakini ana huruma.

Alhamisi, 29 Februari

Siku ya ziada. Sikuiomba.

Athumani amekuja na wazee wawili mpaka kwangu, wamevaa kanzu mchana wa siku ya kazi. Bi Rukia alikuwa kwa jirani, nashukuru. Wakakaa, wakazunguka, wakagusa habari ya mvua, wakagusa habari ya bei ya unga. Mwisho Athumani akasema wamefikiri, pengine ingefaa tukae msikitini tumsomee Salimu.

Nikamuuliza tumsomee nini. Akasema huku akitazama chini: Hitma.

Hitma husomewa maiti.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimgusia mamake, Mungu amrehemu, alikuwa akinipa vitumbua nilipokuwa mdogo. Nilimwambia aondoke na kanzu yake. Akaondoka. Mlangoni akageuka akasema, "Tumsomee dua ya msafiri basi, ndugu yangu. Wewe ndiye utakayesema ni dua ipi."

Kahawa sikwenda kunywa leo. Wala alasiri sikufungua tableti. Niliikalia. Niliiweka chini ya mto nikaikalia kama kuku, mzee mzima.

Bi Rukia aliporudi akauliza Salimu anasemaje. Nikasema mizigo inateremshwa, kesho keshokutwa atapanda ndege. Nilisema bila hata kushika kitu mkononi.

Ijumaa, 1 Machi

Nitafanya nini siku ndege isipotua. Nimeanza kufikiria uongo wa ndege. Imeahirishwa. Imejaa. Naona nina uongo wa kunitosha mpaka Idi, na baada ya Idi sina kitu.

Sijielewi ninamficha nani. Yeye au mimi.

Jumapili, 3 Machi

Niandike hii polepole.

Leo alasiri nilikaa pale pale, kwenye kigoda cha mlangoni, tableti mkononi. Bi Rukia anakuna nazi. Nikaanza: leo Jeda joto kali, wamemaliza mizigo ya mbele, sasa wanaingia ya nyuma, Salimu ameshapewa karatasi zake. Nikaendelea na mengine. Niliteremka nayo kama maji.

Sauti ya mbuzi ya nazi ikanyamaza. Akafuta mikono kwenye leso.

"Baba Salimu," akasema, "wewe ukisoma kweli hukwama. Siku hizi wasoma kama khatibu wa Ijumaa."

Nikaifunika tableti kwa mkono. Mimi, ambaye nimewahi kumjibu mkuu wa feri, mdhamini wa msikiti na daktari wa meno.

Nikamuuliza tangu lini ajua. Akasema tangu nilipotaja upepo. Ramani haisemi upepo, akasema, na wewe hujapata kunisomea upepo hata siku moja. Wiki zote hizo amekaa na nazi yake akinisikiliza nikimsafirisha mwanawe, na hakunikatiza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliona ninahitaji kusema.

Kisha akasema nimsomee.

Nikamweleza yote. Jogoo sikumweleza, lakini akasema habari za Jogoo alizipata siku ile ile, mtaa mzima ulizipata. Nikambonyezea ujumbe wa Salimu, tableti ikauliza ile ile yake. Nikafungua Kasa. Nikamwonyesha mshale. Akaweka kidole juu yake, kidole bado kina machicha ya nazi, akakaa nacho pale. Nikamwambia hii ni picha ya siku nyingi. Nikafungua Jicho. Nikamsomea: hai-hai-onekani. Ishara. Ya mwi-sho. Nilikwama sana. Sijapata kukwama hivyo tangu mwalimu wangu akiwa hai na fimbo yake.

Hakulia. Aliniuliza ipi kati ya hizi mbili itamwona Salimu akitokea. Nikasema Jicho. Akauliza, na Kasa? Nikasema Kasa haiwezi, itamwonyesha pale pale daima.

"Basi hiyo, hata mwanangu akija akasimama hapa mlangoni, haitajua. Niwekee ile inayoweza kumwona."

Nikamwambia hiyo kila siku itatuambia hakuna. Akasema na ituambie. Ataisikia, halafu atakuna nazi.

Nikarudi nyuma, nikabonyeza ujumbe tena. Likaja swali. Jicho. Kila mara. Akanishika mkono juu kidogo ya kifundo, si kwa mapenzi, kama anavyoshika kinu kisiyumbe. Nikabonyeza.

Alhamisi, 7 Machi

Haiulizi tena. Nikibonyeza inafunguka bahari yenyewe.

Kasa nimeiondoa leo. Kabla ya kuiondoa niliutazama mshale mara moja. Tableti ikauliza una hakika? Nikasema sina, nikabonyeza ndiyo.

Hakuna ishara. Nimemsomea. Akasema alhamdulillahi kwa kila hali. Nimekasirika na Mungu kidogo, nimeiandika ili asiseme sikumwambia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda barazani. Nilikaa ukingoni. Athumani akaniletea kahawa mwenyewe. Nikamwomba radhi kwa ajili ya mamake. Akasema mamake angecheka, alikuwa na mdomo mbaya kunishinda. Tukasoma dua ya msafiri, wote, hapo hapo barazani, hatukwenda msikitini ili isije ikafanana na ile nyingine. Nilisoma nami. Nilikwama.

Tulipomaliza akasema, "Kepteni, kahawa inapoa."

Jumapili, 10 Machi

Vunja jungu. Mbuzi hatukununua. Bi Rukia amepika kuku wa kupaka, amewagawia majirani, mikate ya mofa imepelekwa kwa Mutheu pia, yule hafungi lakini anakula. Nyumba imenuka vizuri. Watoto wa jirani wamepita, wamekula, wamekwenda. Mwezi unatazamiwa kesho.

Alasiri nilibonyeza. Bahari ya Sham. Mishale mingi, inapita mlangoni mmoja mmoja. Nimeandika jina mwenyewe sasa, Mutheu alinifundisha. Hakuna ishara. Nimelisoma kwa Bi Rukia neno kwa neno. Akasema nirudie, nikarudia. Kisha akakusanya vyombo.

Sasa amekwenda kuswali magharibi. Mimi niko mlangoni, tableti mapajani, simu yangu ndogo ya kupigia pembeni, imejaa chaji.

Salimu. Sikuulizi uko wapi, naona hata brauza ya jicho haijui. Wala sitaki zawadi ya Jeda. Sanduku lile nililibeba mimi, kichwani, kutoka hapa mpaka feri, na tope lilikuwa mpaka kifundoni. Ulisema utanilipa. Nimekuja kudai. Piga mara moja, ilie, ukate.

Sitapokea. Nataka ilie tu.